Nani Mwenye Maiti? Historia ya Sheria za Kutoa Mwili na Viungo Baada ya Kufa

Mwenzangu wa chumbani anasomea udaktari, nami nasomea Kiswahili. Katika mwaka wetu wa kwanza hapa Kampala alirudi jioni moja kutoka darasa la anatomia akakataa kula. Alisema kikundi chao cha wanafunzi kilipewa maiti ya mzee mmoja. Hapakuwa na jina, palikuwa na namba tu iliyofungwa mguuni. Nikamwuliza, "Mwenye maiti ni nani?" Hakunielewa. Nilitaka kujua ndugu zake wako wapi, na nani alikubali. Akanijibu kwamba hajui, na kwamba mwalimu hakusema.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike insha hii. Katika Kiswahili tunasema "mwenye maiti" au "wenye msiba", na kila mtu anafahamu kwamba maiti ina wenyewe. Pia tunasema "kuchangia damu", "kutoa figo", na vitenzi hivyo vinamtaka mtendaji: lazima awepo mtu anayetoa kwa hiari yake. Nilipoanza kusoma historia ya sheria zinazohusu jambo hili, niligundua kwamba kwa muda mrefu sana sheria haikumtambua mwenye maiti wala mtoaji. Sheria hizo tumezirithi kutoka Uingereza, kwa hiyo sina budi kuanzia huko.

Mwaka 1540 Mfalme Henry wa Nane aliwapa vinyozi na wapasuaji wa London haki ya kuchukua miili minne kila mwaka ya watu walionyongwa, ili wajifunzie. Mwaka 1752 Bunge likaongeza ukali: mtu aliyenyongwa kwa kosa la kuua asizikwe kamwe, bali apasuliwe na madaktari au aning'inizwe kwa minyororo hadharani. Tazama hapa jinsi mambo yalivyoanza. Kupasuliwa kulikuwa adhabu, tena adhabu iliyoogopwa kuliko kitanzi chenyewe. Watu waliamini kwamba mwili unapaswa kulala kaburini ukiwa mzima, nao hawakutofautiana sana na wazee wetu katika hilo.

Tatizo ni kwamba shule za udaktari ziliongezeka na wauaji wa kunyongwa hawakutosha. Kukazuka biashara ya kufukua makaburi usiku. Wafanyabiashara hao waliitwa kwa dhihaka "wafufuaji". Sheria ya kawaida ya Uingereza ilisema kwamba maiti si mali ya mtu yeyote, na kitu kisicho mali hakiwezi kuibwa. Kwa hiyo mfufuaji mwenye ujuzi aliivua maiti sanda, akairudisha sanda kaburini, akaondoka na mwili. Sanda ilikuwa na mwenyewe, na kuichukua kulikuwa wizi. Kufukua kaburi kulikuwa kosa pia, lakini dogo. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaona kwamba si la kuchekesha. Kitambaa kilikuwa na ulinzi kuliko aliyevikwa.

Biashara hiyo ilifika kilele chake Edinburgh, Scotland. Mwishoni mwa 1827 mpangaji mzee alifariki katika nyumba ya William Hare akiwa na deni la kodi la pauni 4. Hare na rafiki yake William Burke wakaiuza maiti yake kwa Dkt. Robert Knox, mwalimu wa anatomia, kwa pauni 7 na shilingi 10. Mzee huyo alikufa kwa ugonjwa. Waliomfuata hawakufa kwa ugonjwa. Katika muda usiotimia mwaka mmoja Burke na Hare waliwaua watu 16, wengi wao maskini na wapita njia wasio na wa kuwatafuta, wakawauza kwa Knox. Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachiliwa. Burke alinyongwa Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, na kwa mujibu wa sheria ile ya 1752 mwili wake ukapasuliwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mifupa yake ipo chuoni humo hadi leo. Knox hakushtakiwa. Karibu miaka mitatu baadaye, London, wanaume wawili, Bishop na Williams, walinyongwa kwa kumwua kijana na kujaribu kuiuza maiti yake chuoni.

Bunge halikuweza kunyamaza tena. Kamati iliyoongozwa na mbunge Henry Warburton ilikuwa imekwisha sikiliza mashahidi tangu 1828. Muswada wa kwanza wa Warburton ulianguka katika Baraza la Malodi mwaka 1829. Wa pili ulipita, na Sheria ya Anatomia ikapata kibali cha mfalme tarehe 1 Agosti 1832.

Vitabu vingi vya tiba vinaisifu sheria hii kwa kuwa ilikomesha wafufuaji. Ni kweli iliwakomesha. Hata hivyo, tukiisoma kwa makini, tunaona ilifanya hivyo kwa njia gani. Haikusema kwamba mtu atatoa mwili wake. Ilisema kwamba msimamizi wa mirathi au mtu mwingine yeyote "anayeishika maiti kihalali" anaweza kuruhusu ipasuliwe, isipokuwa kama marehemu alikataa kwa maandishi, au kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili wakati wa ugonjwa wake wa mwisho, au kama mume, mke au ndugu wa karibu anapinga.

Basi ni nani aliyeishika maiti kihalali? Kwa tajiri aliyefia kitandani kwake, walikuwa jamaa zake. Kwa maskini aliyefia katika nyumba ya maskini, yaani zile nyumba za serikali ambamo wasio na kitu walilishwa na kufanyishwa kazi, alikuwa msimamizi wa nyumba hiyo. Maiti zikimfia mikononi na ndugu hawakufika kwa wakati, au walifika bila fedha za mazishi, ziliitwa maiti zisizo na wenyewe. Ama ile haki ya kukataa mbele ya mashahidi wawili, hebu tujiulize mzee asiyejua kusoma, anayekufa kwa homa katika nyumba ya maskini, angeijuaje? Ndiyo maana mwandishi na mbunge William Cobbett aliipinga sheria hiyo kwa nguvu. Mwanahistoria Ruth Richardson, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1987, ameonyesha kwamba kwa karne nzima iliyofuata karibu miili yote iliyofika katika shule za anatomia za London ilitoka katika taasisi za maskini. Sheria hiyo hiyo ilifuta adhabu ya kuwapasua wauaji. Kwa maneno mengine, jambo lililokuwa adhabu ya muuaji lilihamishiwa kwa fukara, ambaye kosa lake lilikuwa kufa bila fedha. Maskini wenyewe walilielewa hivyo, na walijinyima chakula ili walipie bima ndogo za mazishi.

Mtu mmoja alijaribu kuonyesha njia nyingine. Mwanafalsafa Jeremy Bentham alifariki tarehe 6 Juni 1832, wiki chache kabla ya sheria hiyo kupita. Katika wosia wake alimkabidhi rafiki yake, Dkt. Southwood Smith, mwili wake upasuliwe mbele ya wanafunzi na marafiki, kisha mifupa yake ivalishwe nguo zake na kukalishwa kitini. Ilifanyika hivyo siku tatu baadaye, na hadi leo Bentham "ameketi" katika chuo cha UCL, London. Kwa mila zetu jambo hilo ni kioja. Lakini katika insha hii yeye ndiye wa kwanza ambaye naweza kumwita mtoaji bila wasiwasi. Alijua, alitaka, aliandika.

Hata hivyo Bentham alibahatika kuwa na rafiki mwaminifu, kwa maana sheria haikumlazimisha Smith kutii. Kesi ya Williams dhidi ya Williams ya mwaka 1882 inaonyesha hilo. Henry Crookenden aliagiza kwamba akifa rafiki yake, Bi Eliza Williams, auchome mwili wake, na gharama zilipwe kutoka katika mali yake. Alipokufa mwaka 1875 familia yake ilimzika. Bi Williams akapata kibali cha kumfukua kwa kudai kwamba anamhamishia kaburi jingine, akampeleka Milan, Italia, akamchoma huko. Aliporudi kudai gharama zake mahakama ilimkatalia. Jaji alisema kwamba maiti si mali, na kisicho mali hakiwezi kugawiwa kwa wosia. Kwa hiyo matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake ni ombi tu. Hapa nakiri niligawanyika. Nilimhurumia Bi Williams, ingawa alidanganya. Alifanya yale ambayo rafiki yake alimwomba.

Sheria hizi zilifikaje kwetu? Zilifika kwa mlango mmoja na ukoloni. Amri za Mfalme za kuanzisha mahakama katika makoloni zilisema kwamba mahakama zitafuata sheria za Uingereza kama zilivyokuwa siku fulani: kwa Kenya ni 12 Agosti 1897, kwa Uganda ni 11 Agosti 1902. Kwa hiyo kanuni kwamba maiti si mali, pamoja na yule "anayeishika kihalali", viliingia nchini mwetu katika sanduku moja na mambo mengine yote. Masomo ya udaktari yalipoanza Mulago na Makerere katika miaka ya 1920, wanafunzi walihitaji maiti kama wenzao wa London. Kenya baada ya uhuru ilikuwa na Sheria ya Anatomia na Sheria ya Tishu za Binadamu, na ukizisoma unaisikia Uingereza ikiongea humo.

Huku kwetu, lakini, kanuni hiyo ilikutana na watu wenye fikra nyingine kuhusu maiti. Mgongano huo ulionekana wazi katika kesi ya S. M. Otieno nchini Kenya. Wenzangu wa Kenya wanaijua tangu utotoni, ila kwa wasomaji wa Uganda na Rwanda nitaieleza. Otieno alikuwa wakili maarufu wa Nairobi, Mjaluo, aliyemwoa Wambui Waiyaki, Mkikuyu. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane alitaka kumzika katika shamba lao huko Ngong, akasema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager, ukiwakilishwa na ndugu yake Joash Ochieng' Ougo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa baba zake. Maiti ilikaa mochari zaidi ya siku 150 huku mawakili wakibishana. Hata profesa wa falsafa, Odera Oruka, aliitwa kutoa ushahidi kuhusu mila za Wajaluo. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mila ndiyo inayotawala na ukoo ndio wenye haki. Otieno alizikwa Nyalgunga.

Kesi hiyo kwa kawaida husomwa kama ugomvi wa mila na usasa, au wa mke na ukoo. Mimi naisoma pamoja na ile ya Crookenden. Mahakama ya London mwaka 1882 na mahakama ya Nairobi mwaka 1987 zilitoka njia tofauti zikafika mahali pamoja: aliyekufa hana sauti ya mwisho kuhusu mwili wake. London ilimpa mwili msimamizi wa mirathi, Nairobi ikaupa ukoo. Sisemi ukoo haukuwa na hoja. Babu yangu angekuwa upande wa ukoo bila kusita. Nasema tu kwamba mtu anayetaka kutoa figo zake baada ya kufa, katika nchi ambako kesi hii ndiyo kigezo, anapaswa kuzungumza na wajomba na baba zake wadogo kabla ya kuzungumza na daktari.

Wakati huo huo tiba ilikuwa imebadilika, na maiti haikuhitajika tena kwa kufundishia peke yake. Uingereza ilitunga sheria ya kupandikiza konea za macho mwaka 1952, na Sheria ya Tishu za Binadamu mwaka 1961. Tarehe 3 Desemba 1967 huko Cape Town, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa mwanadamu kwa mara ya kwanza. Moyo ulitoka kwa Denise Darvall, msichana aliyegongwa na gari. Baba yake aliombwa idhini siku ile ile ya msiba, akafikiri kwa dakika chache, akakubali. Aliyepokea aliishi siku 18.

Tujihadhari tusidhani kwamba sheria ya 1961 iliuweka mambo sawa. Ilirudia maneno ya 1832. Aliyeishika maiti kihalali, mara nyingi hospitali yenyewe, angeweza kuruhusu viungo vichukuliwe kama baada ya kuulizia "kadiri inavyowezekana" haoni sababu ya kuamini kwamba marehemu au ndugu alipinga. Kutopinga kulihesabiwa kuwa kukubali. Matokeo yake yalifichuka mwaka 1999 katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ambako viungo vya mamia ya watoto waliofariki vilikutwa vimehifadhiwa bila wazazi kufahamu. Ripoti ya serikali ilitoka Januari 2001.

Kwa mwanafunzi wa lugha sehemu moja ya mkasa huo inauma zaidi. Wazazi wengi walitia saini fomu iliyosema hospitali inaweza kubakiza "tishu". Wao walielewa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Madaktari walielewa hata moyo mzima, hata ubongo mzima. Neno moja, pande mbili, na kati yake mtoto. Baadhi ya wazazi walizika mara mbili au tatu, kila viungo vingine vilipopatikana. Tunapotafsiri fomu za hospitali kwa Kiswahili au Kiganda, nadhani mkasa huo unafaa kuwa mbele ya macho yetu.

Sheria mpya ya Tishu za Binadamu ya mwaka 2004 ilibadilisha msingi wenyewe. Neno kuu likawa idhini. Kwa miili ya kufundishia anatomia, idhini lazima iwe ya mtu mwenyewe, kwa maandishi, akiwa hai, mbele ya shahidi. Ndugu hawawezi kuitoa kwa niaba yake, sembuse msimamizi wa nyumba ya maskini. Kutoka 1832 hadi 2004 ni miaka 172. Ndipo mtu akawa mwenye maiti yake mwenyewe.

Kwa viungo vya kupandikiza safari haikuishia hapo. Wagonjwa wanaosubiri ni wengi kuliko watoaji, na Wales ikaamua kuanzia Desemba 2015 kwamba mtu mzima asiyekataa anahesabiwa amekubali. England ilifuata Mei 2020, kisha Scotland na Ireland ya Kaskazini. Wanaita idhini ya kudhaniwa. Wataalamu wanatetea kwamba inaokoa maisha, na familia bado huulizwa kabla ya lolote kufanyika. Sina elimu ya kuwapinga. Lakini masikio yangu yanasikia tena ule wimbo wa 1832, kwamba asiyesema hapana amesema ndiyo. Tofauti iliyopo, nayo ni kubwa, ni kwamba safari hii kanuni inamhusu tajiri na maskini sawa.

Na sisi? Kenya iliweka kanuni mpya za kutoa viungo katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Muhimbili mwaka huo huo. Uganda ilitunga sheria yake ya kutoa na kupandikiza viungo vya binadamu mwaka 2023. Sheria hiyo inaunda baraza la kusimamia kazi hiyo na inakataza biashara ya viungo. Desemba mwaka huo huo Mulago ilipandikiza figo ya kwanza. Muhimbili na Mulago zote mbili zilitumia figo za watu walio hai. Kutoa baada ya kufa kumeandikwa katika sheria, lakini bado ni mlango ambao wachache wameupita.

Kwa upande wa anatomia mambo yamesogea kidogo zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya shule za udaktari barani Afrika bado zinategemea maiti zisizo na wenyewe. Nchini Kenya hospitali hutangaza magazetini majina ya maiti zilizokaa muda mrefu mochari na kuwapa ndugu siku chache wafike. Nimeyasoma matangazo hayo. Baadhi ya mistari haina jina kabisa, imeandikwa tu "mwanamume, mtu mzima, hajulikani". Anayesoma gazeti ana nafasi ya kumtambua baba yake. Asiyenunua gazeti, au anayeishi kijiji cha mbali akidhani baba yupo Nairobi akihangaikia riziki, hana.

Mwenzangu wa chumbani sasa yuko mwaka wa nne. Nilimsomea rasimu ya insha hii, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia namba iliyokuwa mguuni mwa yule mzee. Bado anaikumbuka.